ACHILIA USUKANI



Leo sina mahubiri marefu. Nina ushuhuda, na unaniaibisha kidogo.

Kijana wangu wa pili alifanya KCSE mwaka jana akapata C ya kawaida. Mnajua chuo kikuu kinataka C+. Na mimi nilikuwa nimeshatangaza hadi madhabahuni kwamba huyu ni injinia. Matokeo yalipotoka nikanyamaza, naye akanyamaza. Tangu Januari tumekuwa watu wa "chakula kiko tayari" na "sawa, Baba". Jioni anajifungia chumbani na kompyuta yake na usukani wa mchezo alionunua kwa pesa za vibarua. Mimi niliuita upuzi.

Jumanne usiku nilisimama mlangoni kumwambia azime. Badala yake nikajikuta nauliza, "Hilo ni gari gani?"

Wapendwa, nilikuwa sijamsikia akiongea hivyo kwa miezi! Ni Toyota AE86, Wajapani huiita Hachi-Roku, yaani nane-sita. Kumbe ni Corolla! Ilitengenezwa kuanzia 1983 hadi 1987. Wakati Corolla nyingine zinahamia kuvutwa na magurudumu ya mbele, hii ilibaki kusukumwa na ya nyuma. Injini ni ya lita 1.6, na uzito haufiki tani moja. Si gari la matajiri, lakini ndilo lililompa sifa Keiichi Tsuchiya, yule Mjapani anayeitwa mfalme wa kutelezesha magari kwenye kona.

Akanipisha kiti. "Jaribu, Baba."

Nikajiambia, mimi nimeendesha Corolla miaka 18, nimeshuka Mai Mahiu usiku kwenye ukungu. Mchezo utanishinda?

Ulinishinda. Kona ya kwanza mkia ulichomoka. Nikakanyaga breki, nikabana usukani kwa mikono miwili, gari likazunguka likatazama nilikotoka. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya sita nikagonga ukuta.

Kijana akasema polepole, "Baba, unaangalia ukuta. Halafu umeshika usukani kama unaogopa utaibiwa."

Akanieleza. Magurudumu ya mbele yameundwa yapende kufuata upande ambao gari linakwenda kweli. Mkia ukiteleza, usukani wenyewe huanza kuzunguka kuelekea upande wa utelezi. Ukiubana, unazuia kitu kile kile kinachotaka kukuokoa. Ulegeze uzunguke mkononi, kisha uushike tena kwa upole. Usiachie mafuta ghafla. Na macho yawe kule unakotaka kutokea.

Nilijaribu tena na tena. Mwishowe gari likapita kona nzima kimbavumbavu, likanyooka. Kijana akapiga kelele mpaka mama yake akaja mbio akidhani kuna mtu ameanguka. Tulicheka, wapendwa. Tulicheka sana.

Lakini usiku sikulala. Kama unaogopa utaibiwa. Yeye alikuwa anazungumzia gari. Mimi nilisikia jambo lingine.

Nikamkumbuka Petro, Mathayo 14. Alitembea vizuri hadi macho yalipohamia kwenye upepo. Mimi tangu Januari nimekuwa nikiitazama ile C kama ukuta, na kila nikiitazama naigonga. Tena angalieni, Yesu alimshika Petro upepo ukiwa bado unavuma. Ulitulia walipopanda chomboni. Mimi nilikuwa nasubiri mambo ya kijana wangu yatulie kwanza, ndipo nimnyoshee mkono.

Asubuhi nikamuuliza, "Wewe mwenyewe ungependa kufanya nini?" Akaenda chumbani akarudi na fomu ya chuo cha ufundi, kozi ya umekanika wa magari. Alikuwa nayo tangu Februari. Hakuthubutu kunionyesha.

Nikamwambia, "Nisamehe." Akatazama kikombe chake cha chai, akasema, "Sawa, Baba." Maneno ni yale yale, lakini sauti haikuwa ile.

Mzazi mwenzangu, kuachilia si kutelekeza. Mkono ukitoka kabisa kwenye usukani, gari linaishia mtaroni. Mkono unabaki karibu, umelegea, tayari kushika. Mungu alimuumba mtoto wako na mwelekeo ndani yake. Usiubane hadi ukauvunja kwa sababu ulishawatangazia watu kitu kingine.

Nanyi vijana, mambo hayo yabaki kwenye skrini. Barabarani kuna watoto wa watu.

Baba, tufundishe kulegeza mikono yetu na kutazama kule unakotupeleka. Rudisha mazungumzo katika nyumba zilizonyamaza. Amina.

Kama kuna mtoto ambaye hamjaongea naye vizuri, usiandike Amina hapa kwanza. Nenda ukabishe mlango wake, umuulize, "Hilo ni gari gani?"

Mbarikiwe.