Sehemu ya Pili Ilipotangulia

Katika machimbo ya dhahabu ya Geita na Kahama liko neno moja ambalo mtu wa pwani akilisikia kwa mara ya kwanza hudhani linahusu masomo: marudio. Mchanga uliokwisha kusagwa kwenye karasha, ukaoshwa mwaloni, ukapitishwa kwenye zebaki na kutoa dhahabu yake, hautupwi. Hulundikwa kando mpaka ukawa kilima cha kijivu, na kilima hicho ndicho marudio. Zebaki haikamati dhahabu yote. Nyingi hubaki humo humo, chembe ndogo mno zisizoonekana kwa jicho. Anayeyarudia marudio kwa zebaki ile ile hupoteza siku yake bure. Hutakiwa dawa nyingine, sayanaidi, na matangi, na subira ya siku kadhaa. Ndipo kilima kilichodharauliwa hutoa mali, na aghalabu anayeifaidi si yule aliyelichimba duara.

Mtu mmoja wa Wete, ambaye kule bara hakuitwa kwa jina lake bali Mpemba tu, kama waitwavyo wenye maduka wengi waliotoka visiwani, alijifunza neno hilo mwaka 1994. Kwa miaka mingi baadaye alilitumia kwa jambo lisilohusu dhahabu hata kidogo. Alilitumia kwa picha za sinema.

Alifika Bulyanhulu, katika wilaya ya Kahama, akiwa na mizigo miwili, mmoja wa viatu na mmoja wa tochi. Tochi zilikwisha katika juma la kwanza. Alichokiona kuwa kimekosekana pale, baada ya maji safi, ni starehe ya jioni isiyokuwa ya pombe. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973, na yeye katika ujana wake alikuwa akivuka bahari kwenda Unguja akakaa Majestic, jumba lililojengwa upya mwaka 1955 baada ya lile la awali kuungua. Alijua basi mtu hununua nini anapolipa kiingilio. Bara televisheni ndiyo kwanza inaanza mwaka ule ule wa 1994, na machimboni umeme haukuwapo. Akauza viatu vilivyobaki kwa hasara, akanunua deki, televisheni na jenereta, akasimamisha banda la miti na turubai, akapanga magogo yawe viti.

Kanda ya kwanza kufika ilikuwa ya Rambo, nayo ilikuwa sehemu ya pili, ile ya mwaka 1985. Sehemu ya kwanza haikupatikana Kahama wala Mwanza, na hapana aliyeiulizia. Wachimbaji walitoka maduarani na vumbi lao, wakakaa wakitazama mtu mmoja akirudi Vietnam kuwakomboa wafungwa waliosahauliwa, akilipua kila kinacholipuka. Kijana mmoja wa Kisukuma alisimama kando ya televisheni akitafsiri, mtindo ambao Uganda ulikwisha kuzoeleka: nusu Kiswahili, nusu Kisukuma, na robo tatu uongo mtupu. Baada ya miezi mitatu watazamaji waliijua picha kwa moyo, wakawa wanampokea mtafsiri maneno kama waitikiaji katika ngoma. Jina la shujaa huyo, kwa hakika, lilizagaa nchi nzima kuliko hata picha zake. Mifuko ya plastiki ya sokoni iliitwa rambo, na ikaendelea kuitwa hivyo mpaka ilipopigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019.

Kisha ikafika sehemu ya kwanza, ile ya mwaka 1982, na banda likanuna. Ndani yake askari aliyerudi vitani anakwenda kumtafuta mwenzake na kuambiwa amekwisha kufa. Anaingia katika mji mdogo uitwao Hope, yaani Tumaini. Mkuu wa polisi wa mji anamwona na koti lake kuukuu na nywele zake ndefu, anampakia garini, anamtoa nje ya mji na kumwonyesha njia. Yeye anageuka na kurudi. Yote yanayofuata, jela, msitu na moto, yanatokana na kugeuka huko. Katika picha nzima anakufa mtu mmoja tu, na mwishoni shujaa anakaa chini analia kama mtoto. Watazamaji wa Bulyanhulu hawakulipa kiingilio ili waone Rambo analia. Wengine walidai pesa zao.

Mpemba alihitimisha kama wengi wanavyohitimisha: ya pili ndiyo bora. Na lau angalipewa hesabu za Marekani, zingalimuunga mkono, maana sehemu ya pili iliingiza kiasi cha dola milioni 300 duniani, nyingi kuliko ya kwanza. Asilolijua ni kwamba sehemu hiyo ilikaribia kutozaliwa. Katika riwaya ya David Morrell ya mwaka 1972 ilikotolewa picha ya kwanza, Rambo anakufa. Watengenezaji walipiga picha ya mwisho huo pia, wakaionyesha kwa majaribio, watazamaji wakaukataa. Ndipo shujaa akaachwa hai. Uhai aliopewa kwa huruma ya watazamaji ukageuzwa biashara.

Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu. Yaliyotokea katika siku zile yamebishaniwa miaka mingi, na si hapa mahali pake. Kwa Mpemba yalikuwa haya: watazamaji wake wote walitawanyika katika muda mfupi, banda likabaki miti, na yeye akaondoka na deki yake imefungwa katika blanketi. Alikwenda Nyarugusu, upande wa Geita, ambako baadhi ya wachimbaji wale walikuwa wametangulia. Akasimamisha banda jingine, magogo yale yale kwa idadi, televisheni ile ile, na, kwa bahati, mtafsiri yule yule, aliyekuja mwenyewe siku ya nne akiwa amekonda. Akatia kanda ya sehemu ya pili, akangoja furaha ya zamani irudi.

Haikurudi. Watu walitazama kwa adabu. Walicheka mahali pa kuchekea, lakini walikuwa wakikumbuka kicheko zaidi kuliko kucheka. Hapo ndipo Mpemba alipofanya kosa la kila mfanyabiashara wa mafanikio: aliongeza kile kile. Alipandisha sauti, akaonyesha mara mbili kwa usiku, akatafuta sehemu ya tatu ya mwaka 1988, ambayo milipuko yake ni mingi zaidi, na banda likazidi kupwaya. Alikuwa anapitisha marudio kwenye zebaki ile ile.

Usiku mmoja, kwa kukosa kanda nyingine, alitia ile ya kwanza iliyokwisha kukataliwa. Mtafsiri alianza kwa unyonge. Lakini gari la polisi lilipofika kwenye mpaka wa mji, na yule mtu akateremshwa na mfuko wake wa kulalia, kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mji ule unaitwa Kakola. Kakola ni kijiji kilicho jirani na machimbo waliyotoka. Hakusema zaidi. Banda zima likanyamaza, na likaendelea kunyamaza mpaka mwisho, na Rambo alipokaa chini akalia hapana aliyedai kurudishiwa pesa.

Picha ilikuwa ile ile, kanda ile ile yenye mikwaruzo pale pale. Kilichobadilika ni kilichokaa juu ya magogo. Wanaouliza kama picha ya pili inaweza kuurudisha uchawi wa ile ya kwanza huuliza kama kwamba uchawi huo umo ndani ya kanda na ufundi wote ni kuutoa tena. Sehemu yake imo humo, hapana ubishi. Lakini sehemu kubwa huletwa na mtazamaji kutoka nje, pamoja na vumbi la miguuni. Mtafiti Matthias Krings, aliyeandika juu ya watafsiri wa video wa Tanzania na khasa juu ya Lufufu wa Dar es Salaam, alitia katika anwani ya makala yake mfano wa kugeuza wali kuwa pilau. Ni mfano ambao watu wa visiwani hawahitaji kuelezwa: mchele ni mmoja, lakini anayeleta bizari ni mwingine.

Wapenzi wa ushairi wanalijua jambo hili kwa njia yao. Katika takhmisi, mshairi huchukua beti za mwenziwe zenye vipande viwili viwili, akazijaza vipande vitatu vyake hata zikawa vitano. Ndivyo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alivyoutakhmisi utungo unaonasibishwa na Liyongo. Na ajabu ya takhmisi ni kwamba maneno ya aliyekuja nyuma hukaa mbele. Msikilizaji huyapitia kwanza, kisha ndipo hulifikia neno la kale, na kulisikia kama aliyefika nalo mwenyewe. Mtafsiri wa Nyarugusu hakuwa amesikia habari ya takhmisi. Alitanguliza kipande kimoja tu, jina la kijiji, na picha ya zamani ikafuata nyuma yake imekuwa mpya.

Wako watengenezaji waliofanikiwa kwa ufundi wa aina hiyo. James Cameron, alipoirudia The Terminator ya mwaka 1984 baada ya miaka saba, alimchukua muuaji yule yule wa chuma, kwa sura ile ile ya Arnold Schwarzenegger, akamfanya mlinzi wa mtoto. Kipya kinyemi ingawa kidonda, husemwa. Lakini hapa unyemi ulitokana na ukale, kwa kuwa mtazamaji aliingia na hofu ya mara ya kwanza na hofu hiyo ikageuzwa mkononi mwake.

Mwaka ule wa 1996, mjini Shinyanga, alikuwapo mtoto wa miaka kumi na miwili, Steven Kanumba, aliyezaliwa tarehe 8 Januari 1984. Baadaye alikwenda Dar es Salaam, akaingia kundi la Kaole, na kufikia mwaka 2006, ilipotoka Dar to Lagos, alikuwa amekwisha kuwa uso wa filamu za Kitanzania. Kwa hiyo mabanda ya kanda ya ziwa, yaliyozoea kumtafsiri Mmarekani, yakapata shujaa aliyetoka kwao. Lakini filamu hizo, kama nyingi za zama zake na kama za Nigeria kabla yake, ziliuzwa vipande viwili, sehemu ya kwanza na ya pili, kila kimoja kwa bei yake. Mnunuzi aliachwa njiani makusudi. Huo si mwendelezo. Ni mbuzi mmoja aliyeuzwa mara mbili, na aliyelipa kichwa hana budi kulipia miguu. Ubaya wake si fedha tu. Uliwafundisha waandishi kunyoosha hadithi ya saa moja na nusu iwe ya saa tatu, na ukawazoeza watazamaji kudhani kwamba kungoja ndiko kuvutiwa.

Kanumba alifariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28. Tangu hapo kila kijana anayejitokeza huitwa Kanumba mpya, na jina hilo humzika mapema. Mwaka mmoja kabla ya kifo chake alikuwa amecheza katika Devil Kingdom pamoja na Ramsey Nouah wa Nigeria, na ni huyo Nouah ambaye mwaka 2019 aliongoza mwendelezo wa Living in Bondage, picha ya mwaka 1992 ambayo wengi huihesabu kuwa ndiyo iliyofungua biashara ya filamu za video Nigeria. Katika ile ya zamani mume anamtoa mkewe kafara ili atajirike. Nouah hakuyarudia hayo. Miaka 27 ilikuwa imepita, naye akamfuata mtoto wa mtu yule, akauliza utajiri wa baba umemwachia nini mwana.

Geita na Shinyanga swali hilo si la kubuni. Tangu mwaka 2007 hivi, katika mikoa ya ziwa, watu wenye ualbino, watoto wakiwamo, waliuawa na kukatwa viungo kwa imani kwamba viungo hivyo huleta bahati migodini na majini. Hadithi ya kafara ikisimuliwa mara moja humtisha mtu na kumfurahisha. Ikirudiwa vivyo hivyo, humzoeza. Ikirudiwa kwa upande wa mtoto, humnyima pa kukimbilia.

Mwaka huo huo wa 2019 ilitoka picha ya tano ya Rambo. Mpemba alikuwa amekwisha kurudi Wete zamani, macho yake hayaoni vizuri, na mjukuu wake ndiye aliyemwonyesha katika simu iliyoegemezwa kikombe cha chai. Alimtazama Sylvester Stallone, mzee kama yeye, akichimba mahandaki na kutega mitego. Nusu ya njia akasema inatosha, akamwomba kijana amtafutie ile ya mwaka 1982.

Ilipatikana kwa Kiingereza kitupu. Mzee aliitazama kidogo amekaa, kisha akainuka, akasimama kando ya meza, akaanza kutafsiri, kwa Kiswahili cha Pemba na vipande vya Kisukuma alivyodhani amevisahau. Kijana alicheka. Gari likafika kwenye mpaka wa mji, mtu akateremshwa, mzee akautaja mji. Kijana akasimamisha picha kwa kidole.

“Babu,” akauliza, “Kakola ipo Marekani?”