Mutombo alikaa benchi, mimi nikasusa!

Wiki iliyopita kijiweni kwetu hapakukalika. Mshkaji mmoja alifungua kwenye simu mechi ya zamani ya Georgetown, chuo cha Washington kule Marekani, basi ubishi ukaanza: msimu wa 1988/89 nani alistahili kuanza kama senta, Alonzo Mourning au Dikembe Mutombo?

Mimi nilikuwa wa Mutombo damu damu. Jamaa alitoka Kinshasa mwaka 1987 akitaka kusomea udaktari, urefu mita 2.18. Mourning mita 2.08, tena ndiyo kwanza anaingia chuo! Iweje mgeni aanze, mwenyeji asugue benchi? Januari 1989 Mutombo alizuia mitupo 12 katika mechi moja dhidi ya St. John's. Nikawauliza, mnataka nini tena?

Mshkaji akacheka. "Mourning msimu ule alizuia mitupo 169, hakuna mchezaji wa chuo Marekani aliyemfikia. Kocha John Thompson angemweka nje kwa lipi?" Kisha akanikazia macho: "Halafu wewe humtetei Mutombo. Unajitetea mwenyewe."

Kijiwe kizima kimya. Anajua anachosema, maana ndiye aliyenitoa.

Nilikuwa kidato cha nne, yeye cha pili. Kocha wetu akamwanzisha yeye chini ya goli, mimi benchi. Mechi ya kwanza nilivumilia. Ya pili nikavua jezi, nikaitupa miguuni kwa kocha, nikaondoka zangu. Sijagusa mpira wa kikapu tangu siku hiyo. Kila aliyeniuliza nilimwambia goti linauma. Uongo mtupu!

Mutombo hakususa. Thompson akaja kuwapanga wote wawili pamoja, na mwaka 1990 wakagawana tuzo ya mlinzi bora wa ligi ya Big East. Mwaka 1991 Mutombo akachukuliwa na Denver Nuggets, na huko NBA akawa mlinzi bora mara nne.

Sasa msomaji utaniuliza, nani alistahili kuanza? Mourning, bwana. Nimekubali. Imenichukua miaka saba kulisema.

Jumamosi mshkaji kanialika uwanjani. Nitakwenda. Akiniambia nianzie benchi, nitakaa.