Tulisema ni Mbu

Nawaandikieni habari ambayo nyumbani kwangu tuliificha miezi miwili kwa haya. Kijana wetu alirudi likizo kutoka shule ya bweni na sanduku na godoro lake. Baada ya majuma machache sote tukawa twajikuna. Mama watoto alisema ni mbu. Nami nikakubali kuwa ni mbu, ingawa usiku nilikuwa nimewasha taa nikamwona mdudu mwekundu, bapa, akikimbilia katika ufa wa kitanda. Nikamponda, nikasikia harufu yake, nikanyamaza.

Wazee walidhani kunguni wamekwisha. Baada ya vita vya 1939-1945 ilienea dawa ya DDT, nayo iliwaua kweli. Lakini tangu mwaka 1947, huko Hawaii, walionekana kunguni wasiodhurika nayo. Hao wakazaa, na wazao wao wakawa sugu. Mwaka 2023 hata wenyeji wa Paris, Ufaransa, walipiga kelele juu ya kunguni. Mdudu huyu hafuati taka, afuata damu. Basi haya yangu ilikuwa ya bure.

Tena iliniponza. Badala ya kuuliza watu, nilichukua dawa ya pamba iliyobaki ghalani, nikanyunyiza vitanda vyote. Alfajiri mtoto wetu mdogo alikuwa akitapika, machozi yakimtoka. Tulimkimbiza zahanati kwa baisikeli. Alipona, Mungu ashukuriwe, ila mganga alinikemea sana, nami sikuwa na la kujibu. Kunguni hajulikani kumwambukiza mtu maradhi. Mimi ndimi niliyekaribia kumwua mwanangu.

Mama yangu alipopata habari alikuja. "Mwanangu," alisema, "kwa nini hukuniuliza?" Tulitoa vitanda nje, tukamimina maji yachemkayo katika kila tundu na kila kamba. Mashuka na nguo tukazichemsha, nyufa za ukuta tukazikandika udongo. (Kukihama chumba hakufai, kunguni aweza kukaa miezi bila kula.) Baada ya majuma mawili tulirudia yote, kwa ajili ya mayai yaliyosalia na kuanguliwa.

Jumapili, tulipotoka kanisani, nilijikaza nikamweleza jirani yangu. Alinitazama, kisha akapandisha mkono wa kanzu yake, akanionyesha alama. Kumbe nao walikuwa wakisema ni mbu. Jioni ile sufuria yetu kubwa ilikwenda kwake.