Kabla Hujapandisha Hadithi za Bibi

Mpwa wangu mpenzi,

Umeniuliza kama uwashe kile kibonyezo cha YouTube kinachoziruhusu kampuni nyingine kutumia video zako kufundishia akili mnemba. Jibu langu: kiache kimezimwa. Sababu zake ndizo zimenifanya nikuandikie barua.

Kibonyezo hicho kililetwa Desemba 2024, na kila chaneli ilikikuta kimezimwa. Mwenye chaneli ndiye anayeingia kwenye mipangilio kukiwasha, ama kwa kampuni zote au kwa zile anazozichagua. Hilo ni jambo jema, maana wengine huchukua kwanza, halafu wanakuachia wewe uhangaike kutafuta fomu ya kukataa. Ila kibonyezo hicho hakiigusi Google, mwenye YouTube, ambayo imesema itaendelea kutumia baadhi ya video kufundishia mifumo yake kwa mujibu wa masharti tuliyoyakubali. Wala hakirudishi kilichokwisha kuchukuliwa. Mwaka 2024 waandishi wa habari wa Proof News walifichua kwamba manukuu ya video 173,536, kutoka chaneli zaidi ya 48,000, yalikuwa yametumiwa na kampuni zikiwamo Apple, Nvidia, Salesforce na Anthropic.

Kwenye tovuti nako ni vivyo hivyo. Unajua natunza tovuti za watu. Kila nikifungua mpya naweka faili dogo liitwalo robots.txt. Mstari wa kwanza unataja jina la roboti, tuseme GPTBot ya OpenAI. Wa pili unaikataza kuingia, na mbele ya katazo kuna mkwaju mmoja tu, yaani tovuti nzima. Utaratibu huu ulibuniwa mwaka 1994, na mpaka leo unategemea hiari: ni kama kibao cha "Si njia" kwenye kiwanja kisicho na ua. Hata hivyo nauweka, kwa sababu siku mambo yakifika kwa wanasheria, katazo lililoandikwa lina uzito kuliko kimya.

Na kwa wanasheria yanafika kweli. Mwaka 2025 Anthropic ilikubali kulipa dola bilioni 1.5 katika kesi ya waandishi wa vitabu, karibu dola 3,000 kwa kila kitabu. Lakini jaji wa kesi hiyo alishasema kwamba kufundisha mashine kwa vitabu kwenyewe ni matumizi halali kwa sheria ya Marekani. Kilichoiponza kampuni ni kupakua nakala za wizi. Tena waliohesabiwa ni wale ambao vitabu vyao vilisajiliwa kwa wakati katika ofisi ya hakimiliki ya huko. Kwa hiyo kazi zako zisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, na rekodi asili zenye tarehe zihifadhi nje ya simu.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Anayependwa kwenye chaneli yako ni bibi yako wa Pangani. Ile namna anavyotoa "Paukwa", kisha ananyamaza mpaka wajukuu waitike "Pakawa" kwa sauti ya kumridhisha; anavyompa fisi sauti ya puani; maneno ya Pangani ambayo hata mimi nayasikia kwake tu. Kiswahili cha kusemwa namna ile ni haba mtandaoni, na kwa sababu hiyo kinatafutwa. Kikishaingia kwenye mfumo hakichomoki. Utafuta video, lakini mashine iliyokwisha kujifunza haisahau. Na siku hizi rekodi fupi tu inatosha kuiga sauti ya mtu.

Sisemi Kiswahili kifichwe. Wapo wanaojitolea sauti zao kwa mradi wa Common Voice wa Mozilla: wanasoma sentensi wakijua kwamba rekodi zitakuwa huru kwa yeyote, na wamekubali. Nawaheshimu sana, na mimi pia nataka mashine hizi zijue kusema nasi vizuri. Lakini wao waliulizwa. Bibi hakuulizwa, na ridhaa yake huwezi kuitoa wewe kwa kubonyeza simu.

Likizo hii njoo Pangani ukae naye. Mweleze kwa maneno mepesi kwamba hadithi zake zinasikilizwa na watu, na pia zinaweza kuchukuliwa na mitambo ya kampuni za mbali. Muulize zipi ziende hadharani na zipi zibaki za ukoo. Akikataa, ziondoe, hata kama wafuatiliaji watapungua. Akikubali, andikeni makubaliano atie saini, na chaneli ikilipa umpe fungu lake. Mpaka hapo, nakuomba usipandishe hadithi yake mpya hata moja.

Akupendaye,
Mjomba wako