Usiku wa risasi Wajir na swali la mama

Risasi zilianza kulia karibu na nyumba usiku. Dekha Ibrahim Abdi akamkumbatia mtoto wake wa kwanza, wakajificha chini ya kitanda huku risasi zikipita chumbani. Kulipokucha alikuwa hoi. Alitoka kuzungumza na wanawake wenzake, na kila mmoja alikuwa na kisa chake. Mama yake naye akakumbuka cha kwake: mwaka 1966, Dekha akiwa mtoto mdogo, yalitokea mambo kama hayo hayo. Karibu miaka 30 imepita, na binti yule sasa anajificha na mwanawe. Mama akamuuliza kama yeye ataweza kuwapa watoto wake maisha yenye amani.

Swali la namna hiyo likitoka kwa mama mzazi, halimtoki mtu upesi.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 mjini Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya. Mwaka 1966 vilikuwa vita vya Shifta. Baada ya hapo eneo hilo liliishi chini ya sheria za hali ya hatari hadi mwaka 1991. Mwaka huo huo serikali ya Somalia ikaanguka na bunduki zikazagaa. Ukame ukamaliza mifugo, na uchaguzi wa 1992 ukachochea uhasama kati ya koo za Ajuran, Degodia na Ogaden. Watu waliuawa, wanawake wakabakwa, ngamia wakaporwa, na kila shambulio likazaa kisasi.

Mazungumzo ya kwanza ya kutafuta amani yalianzia harusini. Wanawake wachache wa koo tofauti walikuwa wamekuja kusherehekea, wakajikuta wakiulizana iwapo mambo yataendelea hivi hivi mpaka lini. Dekha alikuwa mmoja wao. Hawakuwa na ofisi wala fedha, na waume na kaka zao walikuwa pande zinazopigana. Waliitana tena, wakawaita na wengine, na katika mikutano hiyo kila mwanamke akajua kwamba yule wa ukoo wa pili naye amezika mtu.

Kisha wakaenda sokoni, na hapa ndipo penye funzo ambalo mikataba mikubwa huwa haina. Soko la Wajir ni la akina mama. Wao ndio wauzaji wa maziwa na mahitaji mengine ya kila siku. Vita vilikuwa vimefika hadi hapo: mwanamke wa ukoo huu anazuiwa kuuza au kununua kwa wa ukoo ule, na wengine kufikia kupigana. Wanawake wale wakakubaliana kwamba soko liwe wazi kwa kila mwanamke, awe wa ukoo gani. Wakaunda kamati ya kulisimamia. Wasimamizi walizunguka wakitazama, na palipotokea ubaguzi au ugomvi, ulipelekwa kwenye kamati ukamalizwa.

Kazi hiyo inaonekana ndogo. Lakini mzazi yeyote anayenunua chakula cha leo kwa pesa za leo anajua maana yake. Maziwa yasipouzwa asubuhi, mtoto wa muuzaji analala njaa, na wa mnunuzi pia. Kuwafungia akina mama soko ni kuwapiga watoto wao bila bunduki.

Soko lilipotulia, wanawake wakawaendea wazee. Wazee wa koo kubwa hawakuwa tayari kuongozwa na wapinzani wao, kwa hiyo uongozi wa mazungumzo ukapewa wazee wa koo ndogo, ambazo hazikuwa na upande katika vita. Mnamo Septemba 1993 likatoka Azimio la Al-Fatah, lililoweka masharti ya kukomesha mapigano na kurudiana. Wanaotajwa zaidi katika azimio hilo ni wazee. Msomaji wa kike wa leo anaweza kukunja uso, na ana haki. Lakini wanawake wa Wajir walijua nani anasikilizwa na wenye bunduki, wakaona heri jambo lifanyike, kiti akalie mwingine.

Vijana nao wakajiunga, wafanyabiashara wakachangia, na mwaka 1995 juhudi zote zikaunganishwa na serikali katika Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir. Iliposikika fununu ya ugomvi mahali, kundi la wazee, wanawake na maafisa wa usalama lilitumwa huko mara moja kabla damu haijamwagika. Maeneo mengine ya wafugaji nchini Kenya yaliiga mtindo huo.

Dekha alikuwa mwalimu, na baadaye alifanya kazi katika mradi wa afya kwa wafugaji wanaohamahama, ambako kliniki na usuluhishi vilikwenda pamoja. Ni jambo la busara: mama hampeleki mtoto kuchanjwa ikiwa njia ya kliniki inapita kwa maadui. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya Right Livelihood.

Amani yenyewe haikutimia moja kwa moja. Mwaka 1998 watu wengi waliuawa Bagalla, na mwaka 2014 Wadegodia na Wagarre wakapigana vibaya katika kaunti za Wajir na Mandera, familia nyingi zikahama. Kila mara usuluhishi umelazimika kuanza upya, kwa vikao vilevile na safari zilezile za vumbi.

Dekha hakuyaona hayo ya 2014. Alifariki Julai 2011, baada ya ajali ya barabarani iliyomuua pia mumewe. Mtoto aliyefichwa naye chini ya kitanda usiku ule alikuwa amekwisha kukua.