Parafujo za Kiunoni

Sidhani kama kipo kiungo cha mwili kilichochoshwa na wasemaji wa majukwaani kuliko uti wa mgongo. Kilimo ni uti wa mgongo wa taifa; karafuu ni uti wa mgongo wa uchumi wa Visiwa; na utalii ulipokuja, nao ukavishwa uti huo huo. Nimesomesha Kiswahili kwa miaka 33, na msemo huu nimeupigia mstari mwekundu katika insha za wanafunzi mara zisizo hesabu, si kwa kuwa una kosa la sarufi, bali kwa kuwa umetumiwa hata haumwonyeshi tena msomaji kitu chochote. Aliyeusema wa kwanza bila shaka alikuwa ametoka kuchambua samaki, au alikuwa akiumwa.

Wangu ulianza kuniuma mwaka 2018. Maumivu yalitoka kiunoni yakashuka pajani mpaka kwenye muundi, yakifuatwa na ganzi. Nikitoka Darajani kwenda Malindi hunilazimu kusimama njiani mara tatu, niegemee ukuta na kuinama mbele kama atafutaye sarafu iliyomdondoka. Hapo hupata nafuu. Nikisimama wima, yanarudi. Picha zilionyesha kwamba pingili ya nne ya kiuno imeteleza mbele ya ile ya tano na kuibana mishipa ya fahamu, na kwamba diski ya chini yake nayo imechakaa. Januari 2022 nikapasuliwa huko India. Nilirudi na parafujo sita za titani: mbili katika pingili ya nne, mbili katika ya tano, na mbili katika ule mfupa wa pembetatu uliokaa baina ya nyonga. Fito mbili zimeziunganisha, kulia na kushoto.

Vijana husema skrubu. Mimi nashikilia parafujo, neno tuliloachiwa na Wareno pamoja na meza na bendera, kwa sababu ndilo alilolitumia ami yangu. Ami alikuwa fundi wa mashua kule Nungwi. Watoto tulikuwa tukimtazama akizungusha keke, maana mbao ngumu haipigwi msumari kabla ya kutobolewa, ukiilazimisha, inapasuka. Na tundu likizidi upana, msumari huingia kwa urahisi unaompendeza mwanagenzi na kumkasirisha fundi. Mashua ya namna hiyo, alikuwa akisema, itakwenda vizuri kusi nzima, kisha kaskazi ikivuma itaanza kuvuja.

Wasioumwa hudhani kwamba parafujo ndizo zinazoshika mgongo. Mimi pia sikuwahi kuelezwa vyenginevyo mpaka daktari wetu wa hapa aliponichorea kwenye karatasi. Chuma kimewekwa kuzituliza pingili zisitikisike, ili vipande vya mfupa vilivyopandikizwa baina yake viote na kuzifanya kuwa mfupa mmoja. Kazi hiyo ya kuota huchukua miezi sita, mwaka, na pengine zaidi. Muda wote huo kila hatua, kila kuinuka kitini, kila chafya, huzivuta parafujo huku na huku kwa kiasi cha unywele. Ni mbio, basi. Mfupa ukiwahi kushikana, chuma hupumzika na hakina tena mzigo mkubwa. Ukichelewa, chuma hutangulia kuchoka: ama fito hukatika, ama parafujo hulegea.

Waliotangulia katika kazi hii hawakuwa na parafujo kabisa. Mwaka 1911, huko New York, Russell Hibbs na Fred Albee, kila mmoja kwa njia yake, walianza kuunganisha pingili za wagonjwa wa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Albee alikata kipande cha mfupa wa muundi wa mgonjwa mwenyewe na kukipachika mgongoni; kisha mgonjwa alilazwa miezi, pengine ndani ya plasta, akingoja. Parafujo za kupita ndani ya shina la pingili pamoja na bamba zilianza kutumiwa na Raymond Roy-Camille mjini Paris mwaka 1963. Nilipoyasoma hayo nilizidi kuelewa mchoro wa daktari: mfupa ulikuwa ukiachiwa kazi hii yote peke yake, na chuma kilikuja baadaye, ili mgonjwa aweze kusimama na kutembea wakati wa kungoja.

Zangu zilianza kulegea baada ya mwaka mmoja. Katika Kiswahili cha barazani, mtu akisemwa kuwa nati zimelegea hufahamika kwamba ni za kichwani, na jirani zangu hawakuiachia nafasi hiyo ipotee. Mimi nilijua kabla ya picha. Mshororo wa mizani 16 ukipungukiwa na mmoja, sikio hushituka kabla akili haijaanza kuhesabu. Nami kila nilipogeuka kitandani nilihisi upande wa chini kitu kimoja kinachelewa. Haikuwa sauti wala kichomi, bali kuchelewa tu. Kisha maumivu yakaja wazi. Picha ya kawaida ya eksirei haikuonyesha kitu. Ilipigwa ile ya mashine ya duara, inayokata mwili vipande vyembamba, na hapo tukaiona: kuzunguka parafujo mbili za chini kabisa palikuwa na mstari mweusi, kama wanja uliozunguka jicho. Weusi ule ni mahali ambapo palikuwa na mfupa na sasa hapana. Hizo za chini ndizo hulegea mara nyingi, kwani mfupa ule ndani yake ni laini, nazo hubeba mzigo wa zote zilizo juu.

Damu ikapimwa, maana wapo vijidudu wasio na haraka, wasioleta homa wala usaha, ambao huulegeza mfupa kimya kimya. Hawakuonekana. Ukapimwa uzito wa mifupa yenyewe, na jibu likapatikana: imekonda, kama inavyokonda mifupa ya wanawake wengi wa umri wangu. Kipimo hicho ningependa kila mwanamke apimwe kabla ya kupasuliwa mgongo, si baada.

Nyumbani pakawa na baraza nzito. Fedha za safari ya kwanza zilitoka kwenye mavuno ya karafuu ya kaka zangu kule Pemba na upatu wa wifi zangu wawili. Hakuna aliyenitajia, na hilo ndilo lililonielemea. Mmoja alinipa sifa za mkandaji wa Makunduchi. Binti yangu aliuliza lile ambalo wengine walikuwa wakilizunguka: "Mama, wakikupasua tena, na zikilegea tena?" Daktari hakutoa ahadi. Alisema wapo ambao parafujo zao zimelegea na hawahisi chochote, nao huachwa. Kwamba kupasuliwa mara ya pili matumaini yake ni madogo kuliko ya mara ya kwanza. Na kwamba kwangu mimi pingili ya chini haijashikana, kwa hiyo maumivu hayana sababu ya kuondoka. Tusianze na chuma, akasema, tuanze na mfupa.

Kwa mwaka mzima nikajidunga sindano ya teriparatidi kila asubuhi, tumboni, pamoja na kula vidonge vya vitamini D. Dawa hiyo huuhimiza mfupa kujijenga. Madaktari wa Japani walichapisha mwaka 2013 kwamba wanawake wenye mifupa iliyokonda walioitumia walipungukiwa na kulegea kwa parafujo. Inataka kukaa kwenye friji. Umeme ukikatika, binti yangu alikuwa akiitia katika chupa ya chai yenye vipande vya barafu, akiizungushia kitambaa isigande, na kuilinda kama mtoto mchanga. Sala nilisali juu ya kiti. Nilikuwa nikiwaona wazee nyuma ya safu na viti vyao, nisijue kwamba kinachokosekana zaidi ni ile harufu ya mkeka wakati wa kusujudu.

Mwaka 2024 nikapasuliwa tena. Parafujo mbili za chini zilitolewa, zikatiwa nyengine nene zaidi zilizozungushiwa saruji ya mifupa, ambayo si ile ya kujengea bali ni namna ya plastiki inayoganda kwa dakika chache. Mbili nyengine ndefu zikashushwa mpaka kwenye mfupa wa nyonga. Picha ya mwaka uliofuata ilionyesha mfupa umepita kutoka pingili hadi pingili upande wa kushoto. Wa kulia bado. Sasa nafika Malindi kwa kusimama mara moja.

Niliomba nipewe zile zilizotolewa, nikazichukua mpaka Nungwi kwa mtoto wa ami, aliyerithi keke na ukali wa baba yake. Aliigeuza moja kwenye jua, akapitisha ukucha juu ya hesi, akaiweka sikioni na kuigonga.

"Dada, hii haina hitilafu hata chembe," akasema. "Mpya kabisa. Bei gani?"

Nikamtajia. Akairudisha kiganjani mwangu kwa mikono miwili.