Ng'ombe wa Babu, Maziwa ya Bibi

Mitihani imepita salama, bumu ndo hivyo tena limeshayeyuka, na sasa tuna kazi ya kikundi ya somo la ujasiriamali. Tumeambiwa tutafute biashara ya kifamilia hapa Afrika Mashariki iliyotoka kizazi kimoja ikaingia kingine, halafu tueleze ilivukaje. Kikundi chetu kimeangukia jibini. Ndiyo, jibini! Msukuma na jibini wapi na wapi? Jamaa wa chumba cha pili kacheka hadi kamwaga chai.

Lakini stori yenyewe tamu. Mwaka 1979, huko Tigoni karibu na Limuru, Kenya, mtu na mkewe, David na Sue Brown, walianza kutengeneza jibini nyumbani kwao. Mambo yakakua, ikawa kampuni, wakawa wananunua maziwa kwa wafugaji wadogo wa maeneo yale. Baadaye usukani ukashikwa na binti yao, Delia Stirling, pamoja na mumewe. Hapo kwenye "binti yao" ndipo nilipokwama mimi. Wenzangu waliandika mstari mmoja wakaendelea na mambo ya masoko.

Kwanza niwaeleze kwa nini jibini haikutokea kwetu. Ukiifuatilia utaona inapenda baridi. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kule Masisi, mashariki mwa Kongo, ambako jibini ililetwa na wamisionari wa Kibelgiji miaka ya 1970, ni milimani vilevile. Hapa Tanzania utasikia Iringa na Njombe. Jibini ngumu inatakiwa ilale wiki, wakati mwingine miezi, mahali penye ubaridi. Sasa lete hiyo jibini Nyegezi saa nane mchana uone. Halafu kilo moja inakula kama lita 10 za maziwa, wakati ng'ombe wetu wa kienyeji akikupa lita 2 kwa siku, ndama akiwa kashiba, unashukuru Mungu.

Nilimpigia bibi simu nikamweleza kwamba zamani maziwa ya jibini yaligandishwa kwa dawa inayotoka kwenye tumbo la ndama. Kimya. Kisha akasema, "Mume wangu (ndivyo anavyoniita), huyo ndama kakosa nini?" Kwake kuchinja ndama ili maziwa yagande ni sawa na kuchoma noti ili upate moto wa kuwashia sigara.

Kwetu kazi ya jibini ilifanywa na samli. Ukiyakausha mafuta ya maziwa hadi maji yote yaishe, yanakaa miezi bila friji. Bibi yangu alifanya biashara hiyo huko Misungwi tangu kabla ya Operesheni Vijiji ya 1974. Hata walipohamishwa mwaka ule, nyumba ikabaki nyuma, anasema vibuyu vyake alivibeba mwenyewe, hakumwamini mtu. Maziwa yanagandia kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Yakiwa tayari unakaa chini, kibuyu mapajani, unatikisa. Unatikisa mpaka mlio unabadilika, kutoka chwa-chwa-chwa unakuwa mzito, kama mtu anatembea kwenye tope. Hapo siagi imejitenga. Unaiosha, unaibandika kwenye moto mdogo, na tena unasikiliza: ikiacha kutatarika, maji yameisha, ipua haraka kabla mashapo hayajaungua. Bibi hana saa wala kipimajoto, ana masikio tu. Maziwa yaliyobaki tulikunywa sisi watoto kwa michembe, na niwaambie ukweli, hakuna kitu cha kantini kinachofikia hapo.

Samli ilikwenda gulioni kwa chupa. Pamba ikilipwa kwa kuchelewa, chupa zililipa. Mama yangu na dada zake wawili walisoma kwa hizo chupa, na mimi sare yangu ya kwanza ilitoka humohumo. Hakukuwa na kibao wala leseni, ila biashara ilikuwepo, ina wateja wake na siri zake za kazi, na binti watatu walioijua vizuri.

Babu alifariki 2006. Ng'ombe walikuwa thelathini na kitu. Baada ya matanga wazee walikaa chini ya mti, wakagawa: wanawe wa kiume, mdogo wake, mtoto wa kaka yake. Bibi aliachiwa wawili, mmoja mzee. Hakuna aliyepiga kelele. Maziwa yalikuwa ya bibi, hilo kila mtu alilikubali, tena kwa heshima kabisa. Ila ng'ombe walikuwa wa babu. Kazi ya zaidi ya miaka thelathini iliondoka zizini mchana mmoja, inatembea kwa miguu yake minne, na vibuyu vikabaki vimening'inia jikoni.

Nilipokuwa natafuta nondo za kazi yetu nikakutana na kesi ya wajane wawili kutoka Shinyanga, majirani zetu kabisa. Wao walipinga mahakamani Tamko la Sheria za Mila la 1963, lile linalomwambia mjane kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mwaka 2006, mwaka uleule wa babu, Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni hizo zinabagua, lakini ikakataa kuzifuta. Rufaa ikatupwa 2010 kwa kasoro ya tarehe kwenye karatasi. Wakaenda hadi kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake, na 2015 kamati ikasema wameonewa. Nilisoma usiku, nikasoma tena. Nilikuwa nadhani yetu ni stori ya ukoo tu.

Kwa hiyo kwenye kikundi nimegoma. Wenzangu wanataka tuandike kwamba akina Brown walivuka kwa sababu ya ubora na ufungashaji. Sawa, sikatai. Lakini binti alikuta kiwanda bado kipo! Mama yangu na dada zake walirithi ufundi wote mpaka ule wa kusikiliza sufuria, ila zizi likawa tupu. Tumebishana hadi mlinzi wa maktaba akatutoa.

Mama mdogo, yule wa mwisho, mwaka jana kanunua mtamba kwa pesa ya mchezo. Kabla hajamfikisha nyumbani akampitisha kwa mtendaji wa kijiji, akataka karatasi yenye jina lake na muhuri. Wajomba wamecheka sana, eti tangu lini ng'ombe akawa na cheti cha kuzaliwa. Mtamba ana mimba sasa, na bibi ameshavishusha vibuyu viwili anavifukiza.